Febiana iko wapi? Mji uliokufa na kiti cha askofu kilichobaki

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Bukoba, nasoma habari za Kardinali Laurean Rugambwa. Nimekuta kwamba Desemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimteua kuongoza Vikarieti ya Kitume ya Kagera ya Chini, na papo hapo akamfanya askofu wa Febiana. Nimeitafuta Febiana kwenye ramani za Tanganyika, za zamani na za sasa, haipo. Katekista wetu anasema ni mji wa Warumi huko Afrika Kaskazini uliokwisha zamani. Sasa mji ukifa, uaskofu wake unabakije? Waumini wake walikwenda wapi? Na je, Rugambwa alitakiwa kwenda huko?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katekista wako amesema kweli. Febiana ulikuwa mji wa mkoa wa Byzacena katika Dola ya Kirumi, eneo ambalo leo ni Tunisia. Wala Rugambwa hakuwa peke yake. Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, alipowekwa wakfu mwaka 1939 alipewa kiti cha Thibica. Maurice Otunga wa Kenya alipoteuliwa mwaka 1956 kuwa askofu msaidizi wa Kisumu alipewa Tacape. Yote mitatu ni miji ya Tunisia ya kale. Ukiyasoma majina hayo haraka utadhani ni makosa ya mpiga chapa.

Kanuni yenyewe ni ya zamani na si ngumu. Kanisa la kale lilikataa kumpa mtu daraja takatifu hewani, bila Kanisa la mahali alilopangiwa. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulilitilia jambo hilo mkazo. Askofu lazima awe askofu *wa* mahali fulani. Lakini vikarieti ya kitume si jimbo kamili. Anayeiongoza anafanya kazi kwa niaba ya Papa, kama msimamizi wa shamba la mwenyewe. Kwa hiyo akihitaji kuwa na daraja la uaskofu, anatafutiwa kiti cha Kanisa lililowahi kuwapo na ambalo halina mtu. Askofu msaidizi naye ni vivyo hivyo, kwa kuwa jimbo analofanyia kazi tayari lina mwenyewe. Mabalozi wa Papa wako katika kundi hilo hilo. Zamani waliitwa maaskofu wa "nchi za wasioamini", mpaka mwaka 1882 Papa Leo wa Kumi na Tatu alipouondoa msemo huo. Siku hizi tunasema jimbo la heshima, au askofu wa jina.

Hapo ndipo wanafunzi wangu huuliza: mbona viti hivyo vingi vinatoka Algeria na Tunisia? Jibu ni kwamba hakuna sehemu nyingine ya Dola ya Kirumi iliyokuwa na maaskofu wengi kwa eneo dogo namna ile. Huko Galia, yaani Ufaransa ya leo, askofu mmoja alikuwa na eneo la kutembelea kwa siku kadhaa juu ya farasi. Afrika ya Kirumi kila kimji kilitaka askofu wake, na hata mashamba makubwa ya matajiri yalikuwa na maaskofu. Chukua Bukoba yako: ni kama Kamachumu, Muleba, Kanyigo na Katoro kila mmoja ungekuwa na askofu, na pengine wawili, wasiosalimiana.

Hao wawili wasiosalimiana ndio kiini cha habari. Febiana imetuachia jina kuliko mawe, kwa hiyo nitakupeleka kwenye mji mwingine ambao mawe yake bado yanazungumza: Thamugadi, kwa jina la leo Timgad, kaskazini mwa milima ya Aurès nchini Algeria, si mbali na mji wa Batna. Zamani huo ulikuwa mkoa wa Numidia.

Thamugadi ilijengwa mwaka 100 kwa amri ya Kaisari Trajan, na waliojenga ni askari wa kikosi cha Kirumi kiitwacho Lejioni ya Tatu Augusta. Walioishi humo mwanzoni walikuwa askari wastaafu waliopewa ardhi. Ukiitazama kutoka juu, mitaa inakatana kwa pembe mraba kama ubao wa drafti, na eneo la mwanzo lina upande wa mita 350 hivi tu. Mji ulipokua ulifurika nje ya mraba huo, na huko nje mitaa inapinda inavyotaka, kama mahali popote ambapo watu wamejenga kabla mpima ardhi hajafika. Palikuwa na ukumbi wa maonyesho wa watu wapatao 3,500, nyumba za kuogea za umma zaidi ya kumi, na maktaba iliyojengwa kwa sarafu za Kirumi, sesterce 400,000, zilizoachwa katika wosia wa raia mmoja, Julius Quintianus Flavius Rogatianus. Kwenye sakafu ya uwanja wa mji mtu aliyekuwa akicheza alichora maneno haya: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Wazee wa barazani hawakuanza juzi.

Ukristo uliingia lini? Askofu wa kwanza tunayemfahamu kwa jina ni Novatus. Tarehe 1 Septemba 256, Sipriani, askofu wa Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, aliwakutanisha maaskofu wa Afrika, na kauli za maaskofu 87 zimehifadhiwa moja moja. Hoja ilikuwa hii: mtu aliyebatizwa na kikundi kilichojitenga, akirudi Kanisani, abatizwe tena? Novatus wa Thamugadi alisimama akasema ndiyo, kwa ushahidi wa Maandiko na kwa uamuzi wa maaskofu waliotangulia. Roma haikukubaliana nao. Shika jina la Novatus hapo, maana mji wake ulikuja kulipia kauli hiyo.

Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na vitabu vitakatifu vichomwe. Baadhi ya makasisi walikufa kuliko kuvitoa. Wengine walivitoa. Wengine, kwa ujanja, waliwapa askari vitabu vya utabibu au vya wazushi wakaondoka salama. Mateso yalipokwisha, likabaki swali lililo gumu kuliko mateso yenyewe: waliokabidhi vitabu tuwafanye nini? Karthago ilimchagua askofu mpya, Caecilian. Wapinzani wakasema mmoja wa waliomweka wakfu, Felix wa Aptunga, alikuwa amekabidhi vitabu, kwa hiyo mikono yake ni michafu na uaskofu alioutoa ni bure. Maaskofu wa Numidia wapatao 70 walikuja wakamkataa Caecilian, wakaweka wao. Baadaye uongozi wa upande huo ulishikwa na Donatus, na ndiyo maana waliitwa Wadonato. Serikali ilimchunguza Felix ikamkuta hana hatia. Haikusaidia kitu. Anayetaka kukosana nawe hangoji hukumu.

Uone vizuri kwamba hawa hawakuwa na dini mbili. Walisoma Biblia ile ile kwa Kilatini kile kile, na sala zao zilikuwa za aina moja. Waliachana kwa swali moja: je, sakramenti inapata nguvu kwa usafi wa anayeitoa, au kwa Kristo mwenyewe? Wadonato walisema mikono michafu haiwezi kutoa kilicho safi, kwa hiyo aliyetoka upande wa pili walimbatiza upya. Na hapo walimtaja Sipriani, shahidi mtakatifu, na maaskofu wake 87, Novatus akiwamo: si hao waliosema hivi? Kwa hilo walikuwa na hoja, na Mtakatifu Agostino, askofu Mkatoliki wa mji wa Hippo, alihitaji vitabu vizima kuijibu.

Hata salamu ziliwatenganisha. Wakatoliki walisema "Mungu ashukuriwe", Wadonato wakasema "Mungu asifiwe". Wewe wa Bukoba huhitaji maelezo hapo. Mtu akikusalimu "Tumsifu Yesu Kristo" au "Bwana asifiwe", unajua Jumapili anakwenda kanisa lipi kabla hajamaliza. Tofauti ni kwamba kule, salamu ya Kidonato ikisikika usiku kutoka kwa kundi lenye marungu, watu walifunga milango.

Thamugadi ikawa ngome ya Wadonato. Magharibi mwa mji, nje ya mraba wa Trajan, walijenga kanisa kubwa lenye urefu wa zaidi ya mita 60, na kando yake mahali pa ubatizo ambapo bwawa lake la pembe sita, lililopambwa kwa vijiwe vya rangi, bado lipo. Kwangu mimi bwawa hilo ndilo kitu cha kutazama kuliko vyote Timgad, hata kuliko lango la Trajan ambalo kila mgeni hupiga picha. Watu waliouana kwa ajili ya ubatizo walipatengeneza mahali pa kubatizia kwa mapenzi makubwa namna ile.

Katika nyumba iliyo karibu na kanisa hilo wachimbaji walikuta sakafu yenye maandishi kwamba kazi ilifanyika kwa amri ya kuhani wa Mungu, Optatus. Huyu ndiye askofu wa Thamugadi mwenye sifa mbaya kuliko wote. Alikuwa askofu kuanzia mwaka 388 hadi 398, na rafiki yake mkubwa alikuwa Gildo, kiongozi wa majeshi ya Afrika. Agostino anamwita mtu wa Gildo, na anaielezea miaka yake kumi kuwa ni kilio cha Afrika nzima: mashamba ya watu yaliporwa, mirathi ikavurugwa, maaskofu wa upande wake waliojitenga wakarudishwa kwa vitisho vya askari. Mwaka 397 Gildo aliasi na kuzuia nafaka iliyolisha jiji la Roma. Mwaka uliofuata alishindwa na jeshi lililoongozwa na ndugu yake mwenyewe, Mascezel, na Optatus akafia gerezani. Wafuasi wake walimwona shahidi. Nikiri jambo moja hapa: karibu yote tunayoyajua juu ya Optatus yameandikwa na wapinzani wake. Ile sakafu ndiyo sauti pekee ya upande wake, na inamwita kuhani wa Mungu.

Mwaka 411 serikali iliwaita pande zote mbili Karthago kwa mdahalo mbele ya mjumbe wa Kaisari, Marcellinus. Walifika maaskofu takriban 280 kila upande. Fikiria hesabu hiyo: maaskofu zaidi ya 550 kutoka nchi mbili na nusu za leo, wengi wao wakitoka miji ambayo ilikuwa na makanisa mawili yaliyotazamana. Kila askofu alipoitwa jina, mpinzani wake wa mji ule ule aliulizwa kama anamtambua. Mmoja wa wasemaji saba wa Wadonato alikuwa Gaudentius, askofu mpya wa Thamugadi. Marcellinus aliamua kwa faida ya Wakatoliki, na mwaka 412 zikafuata sheria za faini na kunyang'anywa makanisa.

Miaka michache baadaye ofisa aitwaye Dulcitius alitumwa Numidia kuzitekeleza sheria hizo. Gaudentius alijifungia ndani ya kanisa lake kubwa pamoja na waumini, akamwandikia Dulcitius barua mbili: mkitumia nguvu, tutajichoma moto humu humu. Dulcitius, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali na si mwanateolojia, alimwandikia Agostino kuomba ushauri. Agostino alijibu kwa vitabu viwili dhidi ya Gaudentius, na ili amjibu barabara, aliyanukuu maneno yake kipande kwa kipande. Ndiyo sababu leo tunamsikia Gaudentius akisema kwamba Mungu hahitaji kutetewa na askari. Barua zimehifadhiwa ndani ya kinywa cha adui. Na mimi, ambaye ni Mkatoliki na nafundisha Agostino kila mwaka, sioni kama Agostino alishinda kwenye hoja hiyo moja.

Sasa swali lako la pili: waumini walikwenda wapi? Watu wengi wanajibu kwa neno moja, Waarabu, na jibu hilo ni fupi mno. Thamugadi ilikuwa imekwisha kabla Mwislamu wa kwanza hajazaliwa. Wavandali, kabila la Kijerumani kutoka Ulaya, walivuka bahari mwaka 429, mwaka 430 waliuzingira mji wa Hippo, Agostino akafa humo tarehe 28 Agosti, na mwaka 439 walitwaa Karthago. Utawala wao ulipolegea, Waberberi, wenyeji wa milima ya Aurès, walishuka wakauteketeza mji wa Thamugadi na kuwahamisha watu, ili usije ukawa kambi ya jeshi la adui. Jeshi la Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, lilipofika mwaka 539, jemadari Solomon alikuta magofu. Alijenga ngome nje ya mji kwa mawe aliyoyang'oa mjini. Kuna jiwe moja la miaka ya 640 linalosema kwamba Yohane, kamanda wa Tigisi, alitoa nyumba ya Mungu wakati wa Gregori patrisi, yaani mtawala wa Afrika kwa niaba ya Bizanti. Huyo Gregori aliuawa mwaka 647 akipigana na Waarabu. Baada ya jiwe hilo, Ukristo wa Thamugadi haujaandika tena. Mchanga na udongo uliosombwa kutoka milimani ukaufunika mji, na ndio uliouhifadhi. Wafaransa walianza kuchimba mwaka 1881, na tangu 1982 uko katika Urithi wa Dunia.

Kwingineko Kanisa liliendelea kwa karne nyingi baada ya Karthago kuanguka mwaka 698. Lilipungua kama taa inayokwisha mafuta. Wenye uwezo walivuka kwenda Sicilia na Italia. Waliobaki walisilimu kizazi kwa kizazi. Mwaka 1053 Papa Leo wa Tisa alihuzunika kwamba Afrika nzima ilikuwa imebakiwa na maaskofu watano. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba alisikitika kwamba hawakupatikana hata watatu, idadi inayotakiwa kumweka wakfu askofu mpya. Mwaka huo huo padri Servandus alitumwa Roma akawekewe mikono huko, na aliyemwombea ni mtawala Mwislamu wa Bijaya, an-Nasir. Kutoka 550 hadi kukosa watatu.

Kwa nini lilikwisha huku Kanisa la Misri likiendelea mpaka leo? Wataalamu wanabishana. Mimi natazama lugha. Wamisri walikuwa na Biblia na liturujia kwa Kikopti, lugha ya mkulima. Afrika ya Kirumi ilisali kwa Kilatini, na hakuna Biblia ya Kiberberi wala ya Kipuniki, lugha ya kale ya Karthago, ya wakati ule iliyotufikia. Agostino mwenyewe alihangaika kumtafutia mji mdogo wa Fussala askofu anayejua Kipuniki. Aliyempata, kijana Antoninus, aligeuka mnyang'anyi, na Agostino akajuta hadharani. Mji ulipokufa, Kilatini kilikufa nao, na vijijini hapakuwa na lugha nyingine ya kusalia.

Viti lakini vilibaki kwenye madaftari ya mitaguso: jina la mji, jina la askofu, mwaka. Thamugadi imo katika orodha ya majimbo ya heshima ya Roma hadi leo, kama zilivyo Febiana, Thibica na Tacape. Wengi wa wale wanaume 550 ambao hawakusalimiana mwaka 411 wamegeuka hazina ya majina ambayo Papa huweza kumpa askofu msaidizi mpya, awe wa Chicago au wa Dar es Salaam. Roma haiulizi kama kiti kilikaliwa na Mdonato au Mkatoliki.

Na la mwisho. Hapana, Rugambwa hakutakiwa kwenda Febiana, wala hakuwa na mamlaka yoyote kule. Eneo la Tunisia lina askofu wake wa kweli, na askofu wa jina haruhusiwi kuliingilia. Kama mmoja wao angechagua kwenda kutazama kiti chake, ningemshauri Otunga: Tacape ndiyo Gabès ya leo, kwenye pwani ya kusini mwa Tunisia, na mwandishi Mrumi Plinius aliistaajabia kwa sababu chini ya mtende ulikuta mzeituni, chini ya mzeituni mtini, kisha mkomamanga, mzabibu, na chini kabisa nafaka na mikunde. Bibi yako mwenye kibanja cha migomba, kahawa na maharage asingestaajabu.

Kiti cha Febiana Rugambwa alikikalia mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Tarehe 25 Machi 1953 vikarieti za Tanganyika zilifanywa majimbo kamili, naye akawa askofu wa Rutabo, jina jipya la vikarieti yake, wenye watu na mvua na barabara za matope. Siku hiyo hiyo Febiana ikawa wazi, ikasubiri mwingine.